Kupe kwenye machungio ya Mwanza: namna ya kuwahesabu mwezi kwa mwezi na kupanga kuogesha

Agosti, kwetu Misungwi, ni mwezi wa kupumzisha bomba la dawa. Nyasi zimekauka, vumbi limetanda, ukimpapasa ng'ombe masikioni hukuti kitu cha maana, na dawa nayo ina bei yake. Wengi huacha kuogesha mpaka vuli ianze kunyesha. Nami niliacha mwaka mmoja, na kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba nikazika ndama watatu. Wote walianza kwa kuvimba tezi chini ya masikio, ikaja homa, wakaacha kunyonya, wakahema kwa shida hadi povu likawatoka puani. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe.

Jirani alisema kuna mkono wa mtu. Afisa mifugo hakusema kitu. Aligeuza sikio la ndama wa tatu kuelekea jua, akapitisha ukucha kwenye manyoya ya ndani, akaniwekea kiganjani vitu vinne vidogo kama mbegu za ufuta. "Hawa je?" akaniuliza.

Walikuwa kupe, ila si wale niliowazoea. Tangu hapo nina kitambaa cheupe, kamba ya katani na daftari la kaunta, na kila mwezi nawahesabu kupe kwenye nyasi, si kwenye ng'ombe peke yake. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo: vifaa, namna ya kuburuta kitambaa, namna ya kuandika, namna ya kuusoma mwaka wa kupe wa huku ziwani, na cha kufanya ukishausoma.

Hatua ya kwanza: Wajue unaowahesabu

Kupe wengi wanaotusumbua hupita vituo vinne maishani: yai, lava, nimfu, kupe mkubwa. Lava ni mdogo kuliko mbegu ya mchicha na ana miguu sita. Nimfu aliyeshiba ndiye huyo wa saizi ya ufuta, na ana miguu minane kama kupe mkubwa. Watu wengi wakisema "kupe" wanamaanisha kituo cha mwisho tu, yule anayeonekana bila kutafutwa.

Anayetuua ndama ni kupe wa kahawia wa masikioni, ambaye wataalamu humwita Rhipicephalus appendiculatus. Ana wenyeji watatu. Lava anapanda mnyama, ananyonya siku chache, anashuka, anajibadilisha chini nyasini kuwa nimfu. Nimfu anapanda mnyama mwingine, ananyonya, anashuka tena, anakuwa kupe mkubwa, naye anapanda wa tatu. Jike akishiba anadondoka, anataga mayai 3,000 hadi 5,000 mahali pamoja, anakufa. Ukijumlisha siku zote hizo, utaona kwamba sehemu kubwa kabisa ya maisha yake haipiti kwenye ng'ombe. Inapita kwenye nyasi. Ndiyo maana anayehesabu masikio tu anamwona kupe dakika ya mwisho.

Jambo moja la kukariri: lava wa kupe huyu hazaliwi na ndigana kali. Mama hampitishii yai. Lava anauchukua ugonjwa kwa ng'ombe mwenye vimelea, kisha anauambukiza akishakuwa nimfu. Na nimfu akiuchukua, anauambukiza akishakuwa mkubwa. Kwa hiyo wa kuogopwa ni wawili, nimfu na mkubwa, lakini lava ndiye anayekutangazia kinachokuja.

Wengine utakaokutana nao ni hawa. Kupe mwenye madoa ya rangi mgongoni, Amblyomma variegatum, hukaa kwenye kiwele, kifuani na mapajani, na jike wake akishiba anafikia ukubwa wa zambarau. Huyu huleta ugonjwa wa moyo kujaa maji, na vidonda vyake huharibu chuchu. Kupe wa bluu ni wa aina mbili nchini, decoloratus na microplus, na huleta ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu. Hao hupanda mnyama mmoja wakiwa lava na kukaa humo humo wiki tatu hivi mpaka jike anadondoka akiwa ameshiba. Yupo pia mwenye miguu myekundu anayejificha chini ya mkia.

Papasi wa kwenye nyufa za nyumba za udongo si hawa. Ni jamaa yao, lakini yule ni wa usiku na wa ndani, na kitambaa changu hakimhusu.

Hatua ya pili: Chagua sehemu za kudumu

Usihesabu pale miguu inapokupeleka. Chagua sehemu nne za machungio yako na urudi hizo hizo kila mwezi kwa mwaka mzima. Zangu ni hizi: ndani ya ngitili (machungio ya akiba) juu kwenye udongo wa kichanga, chini mbugani kwenye udongo mweusi, chini ya mikwaju ambako ng'ombe hupumzika mchana, na kando ya njia ya kunyweshea inayoshuka ziwani.

Kila moja ina sababu. Ngitili hufungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, kwa hiyo nyasi zake ni ndefu na chini yake hapakauki haraka. Chini ya miti ng'ombe hukaa saa nyingi, na kupe walioshiba hudondoka hapo. Njia ya ziwani hupitiwa na mifugo ya kijiji kizima. Hata ukiogesha wako vizuri namna gani, pale unachangia kupe na kila mtu. Na ufukweni nyasi hubaki mbichi hata Agosti.

Ya mwisho hiyo ndiyo inayotutofautisha na wenzetu wa mbali na ziwa. Adui wa kupe kwenye nyasi ni ukavu. Yai likipigwa na jua kali kwenye ardhi tupu linakauka, na lava vilevile. Chini ya majani mabichi yenye unyevu wanadumu. Mwenye ng'ombe Kwimba ndani ndani na mwenye ng'ombe karibu na maji kule Magu wanaweza kupata mvua zinazokaribiana, na bado wakawa na kupe wa miezi tofauti.

Weka alama. Sisi wa Mwanza mawe hatujanyimwa: mawe mawili yaliyopakwa chokaa, moja mwanzo na moja mwisho, umbali wa mita 100.

Hatua ya tatu: Tengeneza kitambaa

Nunua flana nyeupe au pamba nzito nyeupe yenye manyoya kidogo, mita 1 kwa mita 1. Kitambaa laini kama cha shati hakimnasi kupe, na kaniki haifai kabisa kwa sababu hutamwona. Kunja ukingo mmoja, ushone mfuko, upitishe fimbo nyepesi au mwanzi wa mita 1 na robo. Funga kamba ya katani kwenye ncha zote mbili za fimbo ili uvute kama mtoto anavyovuta gari la mabua. Ukingo wa nyuma ushonee nati nne tano za chuma, vinginevyo upepo wa ziwani utakipeperusha juu ya nyasi na hutapata kitu.

Vingine ni selotepu pana, chupa ndogo za dawa zenye spiriti ya duka la dawa, kibano, penseli na rula. Penseli, kwa sababu wino ukiguswa na spiriti unayeyuka. Kama una lenzi ya kukuzia ni vizuri zaidi.

Vaa suruali ya rangi nyepesi na uichomeke ndani ya soksi au buti za mpira. Ni kwa usalama wako, kwani kupe wa madoa anaweza kumpa binadamu homa ya kupe, lakini pia ni kipimo cha pili. Lava wanaoganda kwenye suruali uwaandike nao, katika safu yao, bila kuwachanganya na wa kitambaa.

Hatua ya nne: Buruta

Saa ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Asubuhi mno kuna umande, na kitambaa kilicholowa hakinasi. Adhuhuri kupe wameshuka chini ya majani kukimbia joto. Mimi hutoka kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande ukishakauka. Kama mvua imenyesha usiku, ahirisha hadi kesho yake. Na ukichagua saa tatu na nusu, iwe saa tatu na nusu mwaka mzima.

Tembea polepole, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, kitambaa kikilala juu ya nyasi nyuma yako. Kila baada ya mita 10 simama, geuza kitambaa, tazama pande zote mbili. Anayeburuta mita 100 bila kusimama hupoteza wengi njiani kwa sababu wanadondoka tena. Nimfu na wakubwa watoe kwa kibano, watie kwenye chupa ya spiriti. Lava huja kwa makundi, kwa vile mayai ya mama mmoja huanguliwa pamoja. Utaona doa la kahawia linalotembea. Usijaribu kuhesabu hapo. Bandika selotepu juu yake, inyanyue, igandishe kwenye ukurasa wa daftari, uhesabu nyumbani kwa utulivu ukiwa na lenzi. Kundi likizidi mia mbili, gawa ukanda kwa rula katika vipande vinne, hesabu kimoja, zidisha.

Mita 100 kwa upana wa mita 1 ni mita za mraba 100. Sehemu nne ni 400. Ni kazi ya asubuhi mbili, usijilazimishe moja.

Niseme ukweli kuhusu udhaifu wa kitambaa: kinawapata lava vizuri, nimfu kiasi, na wakubwa vibaya. Kupe mkubwa wa masikioni hupanda hadi ncha ya jani na kusubiri pale miguu ya mbele imenyooshwa, kwa hiyo macho yako yanampata kuliko kitambaa. Ukirudi kwenye jiwe la mwanzo, kagua ncha za nyasi mita moja kila upande wa njia. Wa madoa hangoji juu ya jani. Huyo huwinda: akisikia pumzi ya mnyama anatoka chini na kumwendea. Kwa wakubwa, kipimo cha kuaminika ni ng'ombe mwenyewe.

Hatua ya tano: Hesabu juu ya ng'ombe

Chagua wanyama sita na usiwabadilishe: ndama wawili, mtamba mmoja, ng'ombe wawili wa maziwa, maksai mmoja. Hesabu siku moja kabla ya kuogesha, upande mmoja tu wa mwili, kisha zidisha kwa mbili. Anza na sikio, ndani na nje, ukipitisha ukucha kinyume na manyoya. Halafu uso na shingo, kidari, kwapa, kiwele au korodani, chini ya mkia, kwato.

Kwa kupe wa bluu usihesabu kila kitu. Hesabu majike yanayokaribia kushiba, ya urefu wa milimita 4 na nusu hadi 8, kwani hao ndio watakaodondoka ndani ya siku moja hivi. Rula ndiyo kazi yake.

Nimfu kwenye ndama anahitaji subira. Shika sikio juani, lifungue, vuta pumzi, tazama tena. Kule nyuma nilikuwa nasema "safi" kwa sekunde tatu.

Hatua ya sita: Andika

Safu za daftari langu: tarehe, saa, sehemu, urefu wa nyasi (kifundo, goti, paja), mvua ya siku saba, lava, nimfu, wakubwa kwa aina zao, siku tangu kuogesha, dawa iliyotumika. Mvua napima kwa kopo lenye kuta zilizonyooka, limewekwa uwanjani mbali na paa, na rula. Maji yakisimama milimita 10 ndani ya kopo, ndiyo mvua ya milimita 10.

Andika na sifuri. Mahali ulipoburuta ukakosa kupe, andika 0, usiache wazi, maana baada ya miezi mitano hutakumbuka kama hukupata au hukwenda.

Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: "14 Juni, saa 3:30, ngitili, nyasi paja, mvua 0, lava 310, nimfu 6, wakubwa 0." Mtu asiyejua ataona wakubwa 0 na kulala usingizi. Mimi nikiona hivyo naanza kununua dawa ya Agosti.

Hatua ya saba: Usome mwaka

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo nilipokosea mimi.

Mvua zetu ni mbili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, katikati yake Januari na Februari zinapunguka bila kukatika kabisa, halafu kiangazi cha Juni hadi Septemba. Jijini hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Kupe wa masikioni anafuata ngoma hiyo, ila kila kituo cha maisha kinaicheza kwa kuchelewa kidogo.

Vuli ikianza, kupe wakubwa waliokuwa wametulia chini ya nyasi kavu hupanda juu. Ndani ya wiki chache za mvua za kwanza masikio yanajaa, na kila mfugaji anakimbilia josho. Majike wanashiba, wanadondoka, wanataga. Mayai yanahitaji joto na unyevu na wiki kadhaa. Kwa hiyo kuanzia Januari lava wa kwanza huonekana kwenye kitambaa, hasa chini ya miti na ufukweni. Masika inaleta wimbi la pili la wakubwa, kubwa kuliko la kwanza katika miaka yangu mingi, na mayai ya wimbi hilo ndiyo yanayoangua mwisho wa masika.

Mei, Juni na mwanzo wa Julai ni msimu wa lava. Nyasi ndefu, asubuhi za ubaridi, suruali inarudi imejaa vumbi linalotembea. Ng'ombe hawaonyeshi kitu. Lava anakaa siku chache tu na ni mdogo kiasi cha kudhaniwa uchafu. Wanakunywa damu, wanashuka, na Julai hadi Septemba wanapanda tena wakiwa nimfu. Nyasi kavu, ng'ombe wamekonda, tumewapeleka kwenye mabua ya mahindi na kwenye majaruba yaliyovunwa mpunga, ngitili imefunguliwa, mifugo ya vijiji vitatu inakutana kwenye maji. Bomba limetundikwa ukutani. Ndama aliyezaliwa masika sasa ameanza kufuata kundi, na nimfu wa kwanza wa maisha yake anampanda sikioni. Kati ya kuumwa na homa zinapita siku 8 hadi 25, kwa hiyo ugonjwa ukitokea Septemba nimfu wenyewe walishashuka, sikio liko safi, na mtu anatafuta mchawi.

Huo ni mwaka wa mchoro. Kusini zaidi, kusini mwa Zambia kwa mfano, mvua ni moja na kupe wakubwa hulala kabisa wakiisubiri, kwa hiyo kila kituo kina miezi yake na kizazi ni kimoja kwa mwaka. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, mvua zimegawanyika, na vizazi hupishana na kupandana. Ufukweni ndiko mchoro unakovurugika zaidi: daftari langu la njia ya ziwani lina lava na nimfu kwa pamoja karibu kila mwezi, mistari inapungua lakini haifiki chini. Ngitili ya juu ndiyo yenye mawimbi safi. Kama una sehemu moja tu ya kuhesabu, usiichukue ya ufukweni kuamua mambo ya kilimani, wala kinyume chake.

Kupe wa bluu ana mwendo wake. Kwa kuwa humaliza kila kitu juu ya mnyama mmoja, hupata vizazi kadhaa kwa mwaka. Huanza kidogo mvua zikianza na kuendelea kupanda hadi kiangazi kinapoingia. Wa madoa, wakubwa wake ni wa mvua.

Hatua ya nane: Panga kuogesha kwa kufuata nyasi

Mvua ya kwanza ya maana ya vuli ikinyesha, ogesha ndani ya wiki hiyo, usingoje kuwaona. Jike mmoja unayemuua Oktoba ni mayai elfu kadhaa ambayo hayatakuwepo. Baada ya hapo kila siku saba mpaka masika iishe. Jike wa masikioni hunyonya siku 4 hadi 10 kabla ya kudondoka, hivyo anayeogesha kila baada ya wiki mbili anawapa wengi nafasi ya kushuka wameshiba.

Mei hadi Julai, badala ya kurusha dawa mgongoni, lenga miguu, pua, kidari na masikio, ambako lava huanzia. Kisha Agosti na Septemba, hata kama ukwasi umekauka, usiache ndama. Kama dawa haitoshi kundi zima, iende kwa ndama, kichwa na masikio, kila wiki.

Kuhusu ngitili, utaratibu wangu ni huu. Ikifunguliwa, wanaotangulia ni maksai na ng'ombe wakubwa wa kienyeji walioogeshwa siku hiyo hiyo au jana yake. Hao ni ufagio. Kupe wanawapanda, wanakutana na dawa, wanakufa. Ndama huingia wa mwisho, au hawaingii kabisa, wanakatiwa majani. Wapo wanaodhani kwamba ngitili iliyofungwa miezi mitano imejisafisha yenyewe. Kwa kupe wa bluu wazo hilo lina nguvu kidogo, maana lava wake wasipopata mnyama ndiyo mwisho wao. Kwa kupe wa masikioni halina: mkubwa mwenye njaa anaweza kusubiri zaidi ya mwaka mzima nyasini.

Usitafute sifuri kwa ng'ombe wa kienyeji. Ndama wa kisukuma anayekutana na kupe wachache mapema akapona hupata kinga. Mtu akiogesha kwa ukali miaka miwili, kisha fedha zikakata, kundi lake lote ni geni kwa ugonjwa, na vifo vyake huwa vya kutisha. Ng'ombe wa kisasa hesabu yake ni nyingine, huyo hana simile. Kwa wote wawili ipo chanjo ya ndigana kali, inayotolewa pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini siku hiyo hiyo. Mpe ndama, ongea na afisa mifugo wa kata. Haimkingi na ndigana baridi wala moyo kujaa maji, kwa hiyo bomba usiligawe.

Kuchanganya dawa: fuata kibandiko, si mazoea. Amitrazi ya asilimia 12.5, kwa mfano, huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji, yaani bomba la lita 15 linataka mililita 30. Pima kwa sirinji. Kifuniko cha soda si kipimo. Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 5 na zaidi ili alowe hadi ngozi, na bomba moja kwa ng'ombe kumi ni kumnyunyizia manukato. Amitrazi usimwogeshee punda. Na dawa za jamii ya pairethroidi, kama sipamethrini na deltamethrini, ni sumu kali kwa samaki: usioshee bomba ziwani wala kwenye kijito kinachoshuka huko. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni, mimi nahesabu mia, maana sato na dagaa wa mwisho wa siku ninawala mwenyewe.

Kuku nao waachie zizini asubuhi. Wanaokota kupe walioshiba bila kulipwa.

Utitiri, kwa wenye kondoo na mbuzi

Ukiburuta kitambaa utaona pia vidude vidogo vya duara, vyeusi vinavyong'aa, visivyouma. Ni utitiri wa udongoni, ndugu wa mbali wa kupe, wanaokula majani yaliyooza. Wamo kwa maelfu na kwa kawaida hawana ubaya, ila hubeba tegu. Mayai ya tegu aina ya Moniezia hutoka na kinyesi cha mnyama, utitiri huyameza, kiluwiluwi hukua ndani yake kwa miezi kadhaa, na mwana-kondoo humeza utitiri pamoja na jani. Vipande vyake kwenye kinyesi vinafanana na punje za wali. Utitiri hupanda juu ya majani kukiwa na unyevu na mwanga hafifu, alfajiri, jioni na siku za mawingu, kisha hushuka jua likikaza. Msimu wa mvua, basi, watoto wa kondoo watoke jua likishapanda.

Kuwahesabu ni rahisi na watoto hupenda: kata sehemu ya juu ya dumu la lita 5, ipindue iwe faneli, weka wavu wa dirishani ndani, juu yake gao la nyasi na udongo wake, chini chupa ya spiriti, juu taa ya balbu ya moto. Udongo unapokauka kutoka juu wanakimbia kwenda chini na kudondokea chupani. Waache siku tatu hadi tano.

Hesabu isiposhuka

Hesabu ng'ombe wale sita siku ya kuogesha kabla hujaanza, kisha siku ya tatu, kisha ya saba. Siku ya tatu wakiwa bado wengi na wanasogea, tatizo lipo kwenye dawa, kwenye kipimo au kwenye kupe wenyewe. Anza na rahisi. Mwaka mmoja tulipeleka ng'ombe kwenye josho ambalo maji ya mvua yalikuwa yameingia na hakuna aliyeongeza dawa. Tulikuwa tunawaogesha kwa tope. Pima mwenyewe kwa bomba, kipimo kamili, wanyama watatu tu, uone.

Kama bado hawafi, badili jamii ya dawa, sio jina la kopo. Makopo matatu ya rangi tofauti yanaweza kuwa na kiambata kimoja. Soma maandishi madogo: amitrazi ni jamii moja, sipamethrini na deltamethrini ni jamii moja, klofenvinfosi ni nyingine.

Na kabla ya kubadili mara ya pili, peleka kupe maabara ya mifugo. Wakala wa Maabara ya Veterinari wana kituo Mwanza. Hawa wasiwe wa kwenye spiriti. Wanahitajika majike hai walioshiba, ishirini au zaidi, wametolewa bila kung'olewa kichwa, ndani ya kopo lenye matundu madogo kama ya sindano, na kipande cha karatasi ya chooni iliyonyunyizwa maji kidogo na majani machache. Andika kwa penseli: kijiji, tarehe, aina ya mnyama, dawa uliyotumia mara ya mwisho na siku uliyoitumia. Waweke kivulini, usiwaache kwenye dashibodi ya gari, na wafike siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi.